Samaki malaika adimu: mambo ambayo ningependa kuambiwa mapema

Samaki malaika wa kwanza niliyempokea kazini alinasa kwenye wavu kabla hajafika tangini. Nilikuwa mgeni kwenye ghala la samaki wa mapambo, nimekabidhiwa boksi nilifungue, nami nikamchota kwa kijiwavu kama nilivyozoea kuwachota samaki wengine. Akajipinda mara moja tu, mwiba wa shavuni ukapenya kwenye nyuzi, na kila nilivyohangaika kumnasua ndivyo alivyozidi kujifunga. Msimamizi wangu akaja na mkasi, akaukata wavu. Hakunigombeza. Alinionyesha ule mwiba, akaniambia nisiusahau.

Basi nawe usiusahau. Familia yao, Pomacanthidae, ina spishi karibu 90, kubwa kwa ndogo, na zote zina mwiba huo kwenye pembe ya chini ya kifuniko cha matamvua. Samaki vipepeo, ambao wanafanana nao mpaka wavuvi wa Kiswahili huwaita wote vitatange, hawana. Ukitaka kumhamisha malaika, tumia chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, umsukumie humo taratibu, umtoe pamoja na maji yake. Inachukua muda. Wavu ni wa haraka, lakini jicho au pezi lililochanika haliponi haraka.

Mwiba huo huo utakuokoa siku nyingine. Kuna kangaja mmoja, Acanthurus pyroferus, ambaye akiwa mdogo huiga malaika wadogo wa jenasi ya Centropyge: njano tupu kama Centropyge flavissima, au kijivu chenye mkia mweusi kama Centropyge vrolikii. Nimeona watu wazima wenye uzoefu wakibishana juu ya mfuko mmoja kwa robo saa. Mtazame shavuni. Hana mwiba? Huyo ni kangaja, na akikua ataiacha rangi hiyo na kuhitaji tangi kubwa kuliko uliloandaa.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, "adimu", ambalo ndilo linalowavuta wengi wenu kwenye kazi hii na ndilo linalowapoteza. Ukilisikia, uliza: adimu wapi? Baharini au dukani? Mara nyingi jibu ni dukani. Chukua Holacanthus clarionensis, malaika wa rangi ya chungwa iliyokolea anayeishi hasa kwenye Visiwa vya Revillagigedo vya Meksiko. Anayepiga mbizi pale humwona bila kumtafuta. Samaki hawa hata huwafuata taa wakubwa aina ya manta na kuwadonoa vimelea mwilini. Uadimu wake kwetu unatokana na mambo mawili: makao yake ni madogo na yako mbali, na sheria. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg, aliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili, maana yake biashara yake ya kimataifa haiendi bila kibali. Binamu yake, Holacanthus limbaughi, makao yake ni Clipperton, kisiwa cha Ufaransa kisicho na wakazi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani ya Meksiko. Hapo hata sheria haijafika mezani, nauli ya boti peke yake imeshajibu swali.

Nalisisitiza hili kwa sababu samaki mwenye makao madogo hana pa kukimbilia. Yule aliyeenea kutoka Afrika Mashariki hadi Pasifiki akivuliwa kupita kiasi sehemu moja, wa sehemu nyingine wapo. Wa kisiwa kimoja hana wa sehemu nyingine. Kwa hiyo mtu akikuletea clarionensis bila karatasi, hata akikupa kwa nusu ya bei, mrudishie mfuko wake. Huu si ushauri wa kuogopa polisi. Usipojua samaki ametoka wapi, hujui pia amevuliwaje, na hilo litakurudia tangini.

Njia ya pili ya kuwa adimu ni kina. Paracentropyge boylei, yule mwenye milia myekundu na myeupe ambaye picha yake imewakosesha wengi usingizi, alipewa jina la kisayansi mwaka 1992 kutokana na samaki wa Rarotonga, katika Visiwa vya Cook. Anaishi kwenye miteremko ya miamba, mita 50 kwenda chini hadi zaidi ya 100, kina ambacho mzamiaji wa kawaida hafiki, na anayefika hukaa dakika chache halafu anatumia saa kadhaa kupanda. Mwaka uliofuata alipewa jina mwingine wa visiwa hivyo hivyo, wa njano mwenye doa jeusi: Centropyge narcosis. Jina lake limetokana na ulevi wa naitrojeni unaowapata wazamiaji kwenye kina kile. Nampenda samaki huyu kwa ajili ya jina tu. Ni kama waliomvua waliacha ushahidi wa hali waliyokuwa nayo.

Kwako wewe unayepokea, jambo la kuangalia ni kifuko cha hewa, kile cha ndani ya mwili kinachomsaidia samaki kuelea. Samaki akipandishwa kutoka mita 80, hewa iliyomo kifukoni hutanuka kadiri mgandamizo wa maji unavyopungua. Mvuvi mzuri humpandisha kwa kituo baada ya kituo, au hutoa hewa hiyo kwa sindano kwa mkono wenye ujuzi. Mvuvi mwenye haraka humpandisha tu. Matokeo yake utayaona: samaki anaelea mkia juu, anapiga mapezi ya kifuani bila kupumzika ili asipande, au ana uvimbe karibu na tundu la haja. Anaweza kula siku hiyo, akakudanganya. Mwangalie usiku, taa zikiwa zimezimwa. Samaki mzima hujibanza mwambani akatulia. Mwenye tatizo la kifuko hana pa kutulia.

Chakula ndipo nilipopata hasara yangu kubwa. Nilimnunua Pygoplites diacanthus, ambaye wala si adimu, kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kuwa anakula kila kitu. Sikuomba kuonyeshwa. Alikaa kwangu siku 23. Alikuwa akiogelea vizuri, akidonoadonoa mawe, nami nikajiambia kudonoa ndiko kula. Siko. Nilikuja kuona mgongo umechongoka nyuma ya kichwa, pale nyama inapopaswa kuwa imejaa, na ikifika hapo huwa umechelewa sana.

Kilichonishinda ni kutojua tumbo lake. Malaika hawafanani kwa mlo. Wa jenasi ya Genicanthus hula planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, kwa hiyo wengi wao hupokea chakula cha kugandishwa bila matata. Wa Centropyge huokota mwani na vijidudu mwambani kutwa nzima. Lakini Pygoplites, Apolemichthys, Holacanthus na Pomacanthus wakubwa, sehemu kubwa ya mlo wao ni sifongo wa baharini, kiumbe kigumu kutafuna na chenye sumu kwa samaki wengine. Ukimtupia mmoja wa hawa chembe za chakula kikavu siku ya kwanza, kwake ni kama umemtupia kokoto. Siku hizi huanza na chaza mbichi aliyefunguliwa, naye namwacha ndani ya gamba lake, nalibana kati ya mawe pale samaki anapopenda kujificha. Hana haja ya kufukuzia chakula, anadonoa kama alivyozoea. Akishazoea, naongeza vijikamba vya mysis, mwani mkavu, na chakula cha kugandishwa kilichochanganywa na sifongo. Mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Na sasa kabla ya kulipa huwa naomba nimwone akila, mbele yangu, mara mbili.

Rangi nazo zina hila zake. Wakubwa wa Pomacanthus hawazaliwi na sura unayoiona kwenye picha. Pomacanthus imperator mtoto ni buluu nzito mwenye duara nyeupe, hana hata mstari mmoja wa njano wa mkubwa wake. Pomacanthus semicirculatus anapobadilika, mkiani hupata michirizi inayofanana na maandishi ya Kiarabu, ndiyo maana kwa Kiingereza huitwa malaika wa Kurani. Mtoto wa sentimita 6 anakaa kokote. Mkubwa atafika sentimita 35 na zaidi.

Halafu kuna machotara. Flavissima na vrolikii huzaana maeneo mengi ya Pasifiki magharibi, na watoto wao wana kila mchanganyiko wa njano na kijivu. Kila mwaka kuna mtu atakayekuuzia mmoja kwa jina la kuvutia na bei ya spishi mpya. Ni samaki mzuri, mnunue ukimpenda, ila ulipe bei ya chotara.

Kama bado moyo wako uko kwa walio adimu, waulizie waliozalishwa tangini kwanza. Kazi hiyo ilionekana haiwezekani kwa muda mrefu kwa sababu mayai yao huelea, hutagwa jioni mwanga unapofifia, na vifaranga wana midomo midogo mno kwa vyakula vya kawaida vya vifaranga. Wanahitaji watoto wa kopepodi, vijidudu vidogo sana vya majini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Frank Baensch huko Hawaii alifanikiwa kuwalea Centropyge kadhaa, akiwemo resplendens wa Kisiwa cha Ascension. Karen Brittain, hapo hapo Hawaii, akamlea Genicanthus personatus, ambaye jike lake ni jeupe lenye uso mweusi kama aliyevaa barakoa. Na clarionensis amezalishwa Bali, Indonesia. Samaki wa namna hii amekua akila chakula cha mkono wa mtu, hajapandishwa kutoka kwenye kina, wala hajaonja sianidi, sumu ambayo baadhi ya wavuvi huitumia kuwalewesha samaki ili wawakamate. Bado naye anahitaji kibali chake kama spishi yake iko CITES. Kuzaliwa tangini hakufuti hilo.

Ila usianze na huyo. Anza na Centropyge acanthops au bispinosa, wadogo, wagumu kiasi, wanaokufundisha tabia zote za ukoo huu kwa hasara ndogo. Ukitaka wawili, chagua mmoja mkubwa na mmoja mdogo wazi wazi: wote huanza maisha wakiwa majike, na anayetawala ndiye anayegeuka dume. Ukiweka wawili wanaolingana kwa ukubwa, watapigania cheo hicho.

La karantini nitalisema kwa ufupi kwa sababu watu hulikubali kwa mdomo na kuliruka kwa vitendo. Wiki nne, tangi tupu, vipande vya bomba vya kujifichia. Dawa ya shaba huua vimelea vingi, lakini Centropyge wengi hawaivumilii, kwa hiyo panda dozi polepole ukitumia kipimo, usikisie. Malaika pia huja na minyoo bapa ya ngozi, Neobenedenia, isiyoonekana kwa macho ikiwa kwenye samaki. Mwogeshe dakika 5 kwenye maji yasiyo na chumvi, yenye joto na pH (kipimo cha uasidi) sawa na ya tangi lake, ukiwa umesimama hapo hapo unamwangalia. Minyoo hugeuka myeupe na kudondoka sakafuni mwa beseni kama ufuta. Ukiiona, usimrudishe kwenye tangi lile lile ukadhani umemaliza: mayai yake yameng'ang'ania kwenye bomba na vioo, na maji yasiyo na chumvi hayayaui. Mpeleke tangi la pili lililo safi, kausha la kwanza kabisa, na baada ya siku chache mwogeshe tena.