Uyoga tunachuma kila mwaka, mbona popo tunakatazwa?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi niko Mbagala, mume wangu kwao Tabora na kila mwaka ndugu zake wanampa mtu wa basi mfuko wa uyoga wa porini uliokaushwa. Baba yangu ni mtu wa Pemba, anasimulia zamani wale popo wakubwa walikuwa wanawindwa na kuliwa, siku hizi hawaguswi. Juzi wamebishana mpaka chai ikapoa, mume anasema uyoga tunachuma miaka yote na hauishi, sasa popo ana nini? (Mama Wawili)

JIBU: Marahaba mama. Shemeji mwambie hivi, ule uyoga anaokula ni tunda tu, mwili wenyewe uko chini ya udongo, ni nyuzi nyembamba kuliko unywele zimetandaa huko na zimejisokota kwenye mizizi ya miti ya miombo, zinaupa mti maji na fosforasi, kirutubisho cha udongoni, na mti nao unazilipa sukari. Kwa hiyo kuchuma uyoga ni kama kuangua embe, mwembe unabaki palepale. Popo ukimuua umeshaukata mwembe wenyewe.

Halafu huyu popo wa Pemba hayupo kwingine kokote duniani, ni Pemba tu! Akikunjua mabawa anafika kama mita 1.6, yaani urefu wa mtu mzima, lakini jike anazaa kitoto kimoja tu kwa mwaka, sasa ukiwinda kila siku hesabu itarudi saa ngapi? Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamebaki wachache mno, watu wakajua ndo basi tena, ila wanakijiji wenyewe wakaamua kuwalinda, kama pale Kidike, hukohuko Pemba, na miaka ya 2000 wakawa wanahesabika kwa maelfu. Mimi hii habari inanifurahisha sana kwa kweli.

Na kuna kitu hao wawili hawakijui. Uyoga tunaupika kama mboga lakini sio mmea, kinasaba uko karibu zaidi na popo kuliko na huo mti unaoota chini yake, hata kuta za chembe hai zake zina kitu kilekile kilichomo kwenye gamba la kamba tunaonunua Feri.

Ila shemeji akisema hauishi, hapo nakataa. Uyoga wa aina hii bila mti hauwezi kuishi, miombo ikikatwa kwa ajili ya mkaa zile nyuzi zinakufa na msimu unaofuata unatafuta uyoga huoni kitu. Popo naye ni hivyohivyo, anataka miti mirefu ya kuning'inia na matunda, na akishakula anaenda kudondosha mbegu mbali, kwa hiyo huku uyoga unalisha mizizi, kule popo anapanda miche.

Baba akienda tena Pemba aende na wajukuu Kidike, wafike mchana wakiwa bado wananing'inia, wasiwapigie kelele.