Mwandishi wa Kike au Mwandishi Mwanamke?

SWALI: Ninaandika tasnifu kuhusu tamthilia za Kiswahili. Kila nilipoandika "mwandishi wa kike", msimamizi wangu alikata kwa wino mwekundu na kuandika "mwandishi mwanamke". Msomaji wa pili alipopitia sura zilezile akarudisha "wa kike". Nani kati yao yuko sahihi? Na wingi wake ni "waandishi wanawake" au "waandishi wa wanawake"?

JIBU: Kwa upande wa sarufi msomaji wako wa pili hakuvunja kanuni yoyote, na ukitafuta mifano ya "-a kike" katika maandishi ya Kiswahili sanifu utajaza daftari kabla ya saa sita mchana. Hata hivyo ninasimama na msimamizi wako, na kwa kuwa swali lako limetonesha kidonda changu cha siku nyingi, itabidi univumilie nieleze kwa nini.

Mzizi ni "-ke", ndugu wa "-ume". Zamani vyote viwili vilikuwa vivumishi vya kawaida, watu wakisema "mtu mke" na "mtu mume", na hata "mbuzi mke", bila kukusudia ndoa. Baadaye "mke" likabanwa kwenye maana ya aliyeolewa, ndiyo maana leo hakuna awezaye kuandika "mwandishi mke", na kazi ya kumtaja mtu mzima wa jinsi hiyo ikabaki kwa "mwanamke", yaani mwana aliye mke. "Kike" ni neno jingine. Hilo limevaa ki- ya namna, ileile tunayoikuta katika "kitoto", "kizee" na "kifalme". Anayelia kitoto huenda ana mvi, na anayetembea kifalme huenda hana hata kiti cha kukalia. Ki- hii inataja jinsi jambo linavyofanywa au linavyoonekana, wala haisemi mtendaji ni nani.

Mahali pa kuipima tofauti hiyo ni jukwaani. Katika Uingereza ya Shakespeare wanawake hawakuigiza kwenye majumba ya michezo ya umma; Juliet na Lady Macbeth waliigizwa na wavulana, na hali hiyo haikubadilika mpaka mwaka 1660. Huko Japani mchezo wa kabuki ulianzishwa na mwanamke, Okuni, mwanzoni mwa karne ya 17, lakini mwaka 1629 watawala wakawapiga wanawake marufuku kuigiza, na tangu hapo nafasi hizo zikawa za waigizaji wanaume waitwao onnagata, ambao walijifunza kwa miaka mingi namna ya kushika kipepeo cha kujipepea, kuinamisha shingo na kuburuta upindo wa vazi. Sasa tuseme mhakiki wa Kiswahili anataka kumweleza onnagata. Atasema ana mavazi ya kike, sauti ya kike, mwendo wa kike, na anaigiza nafasi ya kike, na kila neno litakuwa mahali pake. Akisema "mwigizaji wa kike", msomaji hatajua kama mwili ulio chini ya vazi ni wa mwanamke, au kama ni mwanamume aliyebobea katika nafasi hizo. Tukiyatunza maneno haya mawili tunaweza kuandika kwa usahihi kwamba jukwaa lile lilijaa nafasi za kike na halikuwa na mwanamke hata mmoja. Tukiyachanganya, sentensi hiyo inajipinga yenyewe, na kisa kizima cha siasa iliyomtoa mwanamke jukwaani huku ikiubakiza mfano wake kinapotea mikononi mwetu.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu mizigo ambayo neno limebeba. Lugha yetu iliugawa mwili wenyewe kwa mizizi hii miwili. Mkono wa kulia uliitwa mkono wa kuume, na Wakristo bado wanasoma katika Biblia habari za kuketi mkono wa kuume wa Mungu. Mkono wa kushoto uliitwa wa kuke, au wa kike. Kiti cha heshima kikawekwa upande mmoja, na upande wa pili ukaachiwa mkono dhaifu. Kutokana na mgawo huo tunapata kufa kiume, kujikaza kiume na kujibu kiume, na hakuna anayesifiwa kwa kujikaza kike. Nimesoma taarifa ya bunge iliyosema kwamba mheshimiwa fulani, mwanamke, alitetea hoja yake "kiume". Aliyeandika alikusudia sifa. Alichosema ni kwamba ushujaa wa mama yule ulikuwa wa kuazima, na wenyewe wangeweza kuja kuudai. Neno lenye historia ya namna hii haliwezi kuning'inizwa shingoni mwa mwandishi likabaki kimya, kama kwamba linataja jinsi yake tu. Linadokeza pia kwamba uandishi wenyewe una namna yake ya pembeni.

Hapo ndipo ninapokasirika kwa dhati, maana "wa kike" halikai kwenye kazi yake ya kubainisha. Limekuwa kibandiko cha lazima. Mwanamume akiandika riwaya ni mwandishi. Mwanamke akiandika ni mwandishi wa kike, hata pale ambapo jinsi yake haina nafasi yoyote katika hoja.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akauza vyungu ujanani, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay pamoja na wapigaji wake wa ala, ambao walikuwa wanaume, kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Kila anapotajwa tunasoma kwamba alikuwa "mwimbaji wa kike maarufu". Tazama kinachotokea katika maneno hayo manne. Siti alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki, wanaume kwa wanawake, ambao sauti zao ziliingia kwenye santuri na kuuzwa. Kundi lilikuwa lake, na wanaume waliompigia ala walimfuata yeye. Kibandiko kinamwondoa kwenye safu hiyo ya mbele na kumweka kwenye safu ndogo iliyotengwa, ambako umashuhuri wake unapimwa dhidi ya wanawake wenzake peke yao. Kinadaiwa kumsifu, nacho kinamkata kimo.

Na nyimbo zake zilihusu nini? Wimbo wa "Kijiti" unasimulia habari ya mwanamume aliyemuua mwanamke kisha akatoroka kwenda bara, huku adhabu ikiwaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Huu ni wimbo kuhusu mahakama, kuhusu nani husadikiwa anapotoa ushahidi, na kuhusu mwili wa nani unaweza kudhuriwa bila mdhuru kupatikana. Mhakiki akitaka kusema kwamba aliyeuimba alikuwa mwanamke, na kwamba jambo hilo liliupa wimbo uzito wake mbele ya wasikilizaji, aseme hivyo waziwazi, kwa sentensi kamili, akitumia neno "mwanamke". Hoja hiyo ni nzito na inastahili nafasi yake. "Wa kike" linaipitia haraka, kama kwamba imekwisha kusemwa.

Mwana Kupona binti Mshamu naye ametendewa hivyohivyo. Utendi wake wa mwaka 1858, aliomtungia binti yake, unafunza mwenendo wa mke kwa mumewe, na kwa hiyo yaliyomo yanaweza kuitwa mafunzo ya kike kwa maana halisi ya ki- ile. Lakini mizani minane katika kila kipande, vina vitatu vinavyooana, na kina cha bahari kinachofungia kila ubeti mpaka mwisho, hivyo ni vya utendi wowote ule. Mshairi ni mshairi. Anayemwita "mshairi wa kike" amechukua somo la shairi na kulibandika kwenye ufundi wa aliyelitunga.

Katika uhakiki wa tamthilia kibandiko hiki kina kaka yake, "shujaa wa kike". Katika "Kilio cha Haki" ya Alamin Mazrui, iliyotoka mwaka 1981, Lanina anaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi kudai haki zao, akilazimika kupambana na mwajiri na pia na wanaume wasiokubali kuongozwa na mwanamke. Sehemu kubwa ya mzozo wa tamthilia imesimama juu ya jambo hilo la pili. Mwanafunzi anayemwita Lanina "shujaa wa kike" anakubaliana, bila kujua, na wale wanaomkana ndani ya mchezo: nao wanashikilia kwamba uongozi wake ni wa aina nyingine.

Siasa ya bungeni imetuletea kituko kikubwa zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 97, inaweka katika Bunge la Kitaifa wanawake 47, kila mmoja akichaguliwa na wapigakura waliosajiliwa wa kaunti yake, na kaunti nzima ikiwa eneo bunge moja. Vyombo vya habari vikawaita "Wawakilishi wa Kike". Uwakilishi wa kike ni uwakilishi wa namna gani? Je, mswada hujadiliwa kike? Wengine, wakiona kasoro hiyo, wakasahihisha kuwa "Wawakilishi wa Wanawake", na marekebisho yakawa na madhara kuliko kosa, kwa sababu sasa jina linamwambia mpigakura mwanamume kwamba mbunge huyu hamhusu, ilhali kura yake ni mojawapo ya zilizompeleka bungeni na barabara anayoipitia imo katika kaunti anayoiwakilisha mheshimiwa huyo. Katiba inataka mbunge awe mwanamke. Haikusema awawakilishe wanawake peke yao. "Mbunge Mwanamke wa Kaunti" lingesema yote mawili bila kumpunguzia mtu chochote, na katika mjadala wa kila siku "Mbunge wa Kaunti" lingetosha, maana hakuna mwingine wa cheo hicho wa kumchanganya naye.

Nikisha kusema hayo yote, siombi "-a kike" lifukuzwe nchini. "Mtoto wa kike" limekaa sawasawa, kwa kuwa mtoto hajafikia kuitwa mwanamke, ingawa wapo wasemao "mtoto mwanamke" na sioni haja ya kuwakosoa. "Ndugu wa kike" na "rafiki wa kike" yamezoeleka mno kiasi kwamba anayepambana nayo anachota maji kwa pakacha. "Mhusika wa kike" nilikuwa nikilikata kila nilipolikuta, lakini naona lina utetezi wake: mhusika ni kitu kilichobuniwa, ni nafasi iliyoandikwa ili mtu aje kuivaa, na nafasi tumekwisha kuona kwamba inaweza kuwa ya kike. Sina furaha nalo, ila nimechoka kupigana nalo.

Rudi basi kwenye tasnifu yako. Jiulize kila mahali kama jinsi ya mwandishi inahusika na unachokisema. Ukieleza kwamba Penina Muhando aliandika "Nguzo Mama", iliyotoka mwaka 1982, na kwamba wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika humo kuisimamisha nguzo, na ukataka kujadili maana ya mchezo huo kutungwa na mwanamke, andika "mwandishi mwanamke" na uijenge hoja yako. Ukizungumzia jinsi mchezo huohuo unavyomtumia msimulizi, "mwandishi" linakutosha.

Kuhusu wingi, muundo huu ni wa nomino mbili zinazosimama bega kwa bega, kama "fundi seremala" na "askari polisi". Nomino ya kwanza ndiyo kichwa, na zote mbili huchukua wingi wake: mwandishi mwanamke, waandishi wanawake, waandishi wanawake wawili. Usigeuze mpangilio ukaandika "mwanamke mwandishi", isipokuwa unapozungumzia wanawake kwanza na kisha kazi wanazofanya. "Waandishi wa wanawake" ni watu wengine kabisa, yaani waandishi walio mali ya wanawake au wanaowaandikia, na wanaweza wote kuwa wanaume. Na ukiandika juu ya wanaume, neno sanifu la mmoja ni "mwanamume". "Mwanaume" limeenea, lakini msimamizi mwenye wino mwekundu hataliacha lipite.

Yakubali basi masahihisho yake yote kwa waandishi, waigizaji na washairi. Pale penye wahusika, mwachie msomaji wa pili "wa kike" yake.