Kabla hujachora ukuta, nenda saiti usiku

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya usanifu majengo hapa Dar, mteja wenu wa kwanza atataka ukuta. Mrefu, wenye vipande vya chupa juu. Nami nilikuwa nachora tu bila kuuliza. Kuna nyumba Tabata niliizungushia ukuta wa mita tatu na geti la bati lisiloonyesha kitu. Wezi walipouruka walikata grili za dirisha taratibu, maana hakuna jirani wala mpita njia aliyeweza kuwaona. Ukuta uliwasitiri wao. Iliniuma sana, kwa sababu mchoro ulikuwa wangu.

Tangu hapo, kabla ya kushika penseli naenda saiti saa mbili usiku. Natazama mwanga unaishia wapi, na akina mama wanaoshuka kwenye daladala wanaikwepa njia ipi. Halafu nauliza. Muuza chipsi wa kona na vijana wa bodaboda watakwambia ni kichochoro gani watu wanakabwa, na vibaka wanajificha kwenye pagale lipi. Hayo huyapati kwenye ramani ya upimaji.

Nyumba zetu za Kiswahili, zile za Kariakoo na Magomeni ya zamani, zilishalijua jambo hili: baraza mbele, ua wa stara nyuma. Mzee akiketi barazani, mgeni hapiti bila salamu, na aliyesalimiwa ameshaonekana. Mwaka 1961 Jane Jacobs, mwandishi wa masuala ya miji, aliandika hivyo hivyo kuhusu miji ya Marekani, kwamba barabara inalindwa na macho ya wakazi na wenye maduka.

Mnaochora maghorofa, angalieni sana ngazi na korido. Kule St. Louis, Marekani, majengo 33 ya Pruitt-Igoe, mradi wa nyumba za umma, yenye ghorofa 11 kila moja, yalianza kubomolewa mwaka 1972. Umaskini na matengenezo duni vilichangia, lakini korido zisizo na mwenyewe zilikuwa zimeshageuka mahali pa kuogopwa.

Kwa nyumba ya kawaida, tofali ziishie kiunoni, juu yake grili. Dirisha la jikoni litazame njia, kwa kuwa jikoni hapakosi mtu. Taa ndogo kadhaa ni bora kuliko moja kali inayoacha kiza kizito pembeni.

Mteja akigoma, usibishane naye ofisini. Mpeleke usiku kwenye nyumba yenye ukuta kama anaoutaka, asimame nje ya geti. Wewe ingia ndani, umuulize kama anakuona.