Usimwambie haiumi: niliyojifunza na mwanangu kwenye kemo

Mwanangu alikuwa na miaka mitano jino lilipoanza kulegea. Tukasema anawahi tu kung'oa meno ya utoto, ila lililolegea lilikuwa gego la nyuma, afu shavu likaanza kujaa, wiki ya kwanza kama mtu aliyeficha andazi mdomoni, wiki ya tatu hadi jicho la upande ule limeanza kusukumwa juu. Sisi ni wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, na visiwani huku mtoto akivimba shavu kila mtu ana dawa yake. Zahanati tulipewa amoksilini, nyumbani majani ya kukanda, jirani akasema tumpeleke kwa mganga achanjwe chale na mimi nikakubali, alichanjwa, alama anazo mpaka leo. Nimeanza na hili makusudi. Kama mwanao ana uvimbe wa taya unaokua haraka hivyo, au magego yanalegea bila sababu, au tumboni unagusa kitu kigumu, au ukimpiga picha mboni ya jicho inatoka nyeupe, usikae wiki tatu kama mimi, panda meli uende.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, walikata kinyama wakapeleka maabara, majibu yakaja ni Burkitt. Hilo ni jina la daktari, Denis Burkitt, aliyeandika kuhusu uvimbe huu mwaka 1958 akifanya kazi Uganda, yani ng'ambo ya ziwa hilihili letu. Ni saratani inayowapata zaidi watoto wa sehemu zenye malaria nyingi. Inakua kwa kasi ambayo saratani chache sana zinaifikia, na kwa sababu hiyohiyo dawa za saratani, ndizo tunaita kemo, nazo zinaipiga haraka, jambo ambalo ni heri kubwa na pia ni mtego, ntalirudia huko mbele.

Ila nilichokaa chini kuandika hasa ni kitu kingine. Ni uongo. Uongo mdogomdogo tunaowaambia watoto wetu wodini kwa mapenzi.

Siku ya kwanza ya kanula, kile kimrija cha kupitishia dawa mshipani, nilimwambia "haiumi baba, ni kama mbu tu." Mshipa haukupatikana mara ya kwanza wala ya pili, tulimshika watu watatu, na muda wote ule alikuwa hamwangalii nesi, ananiangalia mimi. Baada ya pale hakuniamini kwa chochote. Nikimwambia uji hauna dawa ndani anautema, nikimwambia naenda chooni narudi sasa hivi anapiga kelele wodi nzima inageuka. Nesi mmoja mtu mzima akanivuta pembeni akaniambia, mama, humu ndani mtoto huyu ana wewe tu, ukiwa na wewe upande wa sindano atabaki na nani. Maneno yale sijayasahau.

Kuanzia hapo nikabadilika. Nikawa namwambia itauma, itauma mpaka tufike kumi, afu inaisha, na mimi nimekushika. Tunahesabu pamoja, na ikipita kumi namwambia ukweli imepita, tuanze tena moja. Halafu nilijifunza kutomuuliza swali ambalo jibu lake siwezi kulikubali. Usimuulize mtoto "uko tayari tuchome?" maana atasema hapana, na hapana yake utaivunja mbele yake. Muulize mkono gani, kulia au kushoto, akae mapajani au alale, kwanza panado au kwanza maji. Hivyo vidogo ndivyo vyake, na mtoto ambaye siku nzima watu wanamgeuzageuza mwili wake anavihitaji kuliko soda. Nilimshonea mdoli wa kitambaa cha kanga, kila anachofanyiwa yeye anamfanyia mdoli, anamfunga plasta, anamwambia itauma hadi kumi. Alilia bado, sitaki nikudanganye na wewe. Ila alilia kidogo na baadae ananikumbatia, wakati mwanzo alikuwa ananisukuma.

Sasa kuna uongo mmoja uliniuma kuliko wote. Kitanda cha dirishani, pale ambapo ziwa linaonekana lote maana Bugando iko juu kilimani, kulikuwa na mtoto walikuwa wanacheza naye vifuniko vya soda. Usiku mmoja alifariki. Asubuhi mwanangu anaona kitanda kimetandikwa, akauliza yuko wapi, nikamjibu ameenda nyumbani. Siku kama tisa mbele daktari akaja na habari nzuri, dozi zote zimeisha, kesho mnaruhusiwa kwenda nyumbani. Mwanangu aliingia chini ya kitanda, akashika chuma, akawa anasema sitaki nyumbani, sitaki nyumbani, anatetemeka. Kumbe usiku ule hakuwa amelala, alimsikia mama yake yule mtoto akilia korido nzima. Alijua kabisa kilichotokea, mimi ndo nilimpa jina lake, na jina nililompa ni nyumbani.

Nilikaa naye sakafuni nikamwambia ukweli. Kwamba rafiki yako amekufa, ugonjwa wake ulizidi dawa, harudi, mama yake analia na mimi nimelia. Akauliza na mimi? Nikamjibu daktari anasema dawa zako zinafanya kazi, ndio maana shavu limerudi, na kama kuna kitu kimebadilika ntakuambia mimi mwenyewe. Basi. Aliuliza tena mara nyingi sana siku zilizofuata, kwenye meli, akioga, katikati ya kula, na kila mara nilijibu vilevile. Hawaulizi mara moja wakamaliza, jiandae.

Na usimsahau aliyebaki nyumbani. Dada yake ana miaka tisa, tulimwacha kwa bibi kule Nansio, tukimwambia kwenye simu mdogo wako anaumwa jino. Tuliporudi bibi akasema mtoto hali vizuri na amekuwa hatoki nje. Ilichukua siku mbili kunong'ona naye ndipo akasema, mama, mimi ndo nilimpiga shavuni siku ile tunagombania kijiko. Miezi yote ile binti yangu alibeba hilo peke yake kwa sababu sisi wakubwa hatukumwambia kitu! Saratani haitokani na kofi, haitokani na kugombana, wala haiambukizi kwa kula sahani moja. Waambie ndugu zake maneno hayohayo, hata kama hawajauliza, maana mtoto asiyeambiwa anajitafutia sababu na mara nyingi anajikuta yeye.

Nirudi kwenye ule mtego. Baada ya dozi ya kwanza shavu lilinywea ndani ya siku chache tu, ukimwona huamini ni yuleyule. Na hapo simu zikaanza, mtoto si kapona, mnakaa Mwanza kufanya nini, nauli hizo na hela ya kula si mngeongeza nyavu. Baba mkwe ndiye alikuwa anasisitiza. Hakuwa na ubaya, alishauza mbuzi wawili. Nilimwambia baba, umeona magugu maji pale mwaloni, mkiyatoa yote juu yakabaki vipande viwili vitatu chini ya mitumbwi, wiki mbili mbele inakuaje? Akanyamaza, kisha akasema malizieni dozi. Daktari alitueleza kwamba nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kwa kila 100 wenye saratani wanapona, na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2018 waliweka lengo kwamba dunia nzima ifike angalau 60 ikifika 2030, na huku kwetu kati ya vinavyoturudisha nyuma ni kuchelewa kuja na kuacha dawa katikati. Uvimbe kuisha kwa macho sio kuisha. Sisi tulikaa miezi karibu mitano na tulimaliza zote.

Homa nayo, hapa naomba usome taratibu. Ukanda wetu mtoto akichemka kila mtu anasema ni malaria tu, mpe panado tuone kesho. Mtoto wa kemo hana kesho ya kuona. Siku kama saba hadi kumi na nne baada ya dozi askari wa damu, zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, wanakuwa chini sana, na hapo homa inaweza kuwa ndio dalili pekee ya maambukizi makubwa. Nunua kipimajoto. Ikifika 38 nenda hospitali muda uleule, hata kama ni saa nane usiku, panado inashusha joto tu na inaficha tatizo. Malaria watapima hukohuko. Kwa sababu hii hatukurudi kisiwani kati ya dozi, tulikaa kwa shangazi yake Mkuyuni, hapohapo Mwanza, kwani usiku wa manane hakuna meli ya kukuvusha. Tulikimbia na bajaji mara mbili, na mara ya pili nesi alisema tungesubiri asubuhi ingekuwa mengine.

Mengine kwa kifupi. Maji anywe sana na akojoe mara kwa mara, siku za mwanzo uvimbe ukivunjika uchafu wake wote unapita kwenye figo, ndio maana wanatundika dripu nyingi na kukutaka upime mkojo kwenye chupa, upime kweli, usikadirie. Vinkristini, moja ya dawa za kemo, inafunga choo, papai lilitusaidia, lakini umwambie daktari pia. Dripu ikiwa inaingia na mtoto akasema mkono unawaka, ita nesi hapohapo, usimwambie avumilie, baadhi ya dawa hizo zikitoka nje ya mshipa zinaunguza nyama. Na hela zikianza kukata usikimbie kimyakimya usiku, nenda dirisha la ustawi wa jamii ueleze hali yako mapema.

Sasa hivi ana miaka saba, anasoma darasa la kwanza, meno mawili hayajaota upande ule. Tuna kliniki mwezi ujao. Jana ameuliza kama atachomwa, nikamwambia ndio, mara moja, ya kutoa damu. Akafikiri kidogo, akasema mkono wa kushoto.