Digrii, radiani na gradi: kwa vijana mnaoanza upimaji

Vijana mnaoingia kazi ya upimaji ardhi hapa Mombasa, nataka kuzungumza nanyi kuhusu jambo linalopitwa haraka sana darasani: kugeuza pembe kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Kanuni zenyewe mnazijua. Duara zima ni digrii 360, au radiani 2π, au gradi 400. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Hapo sijaona mtu akikwama. Tunakosea pale namba inapoandikwa bila kutajwa ni ya kipimo gani.

Mwaka wangu wa kwanza kazini tulikuwa Likoni, tukigawa shamba la urithi. Mwenzangu aliyekuwa kwenye theodolaiti, ile mashine ya kupimia pembe, alinisomea: "Mia moja ishirini na saba, thelathini na sita, ishirini." Nikabonyeza 127.3620 kwenye kalkuleta, nikapiga hesabu, tukavuta tepu mita 140 na kukita kigingi. Mzee mwenye shamba alikuwa amekaa kivulini muda wote huo, kimya. Akainuka, akakitazama kigingi, akaenda akauwekea mkono mnazi uliokuwa pembeni. "Mwanangu, mnazi huu marehemu baba aliupanda mpakani. Mbona kigingi chako kimeutoa kwangu?"

Mzee alikuwa na haki. 127°36′20″ si 127.3620. Dakika 36 ni sehemu 36 kati ya 60, wala si kati ya 100, kwa hiyo pembe ile ni digrii 127.6056. Nilikuwa nimepotea kwa karibu robo ya digrii. Ukiisikia ni ndogo, lakini kwa mita 140 ni sentimita 60, na sentimita 60 zinatosha kuhamisha mnazi wa mtu. Tulimwomba radhi, tukang'oa kigingi na kurudia kazi yote tangu mwanzo.

Basi fanyeni hivi. Anza kulia, uende kushoto. Gawa sekunde kwa 60, jumlisha na dakika, gawa tena kwa 60, jumlisha na digrii. Kwa pembe ile: 20 kwa 60 ni 0.3333, ongeza 36, gawa kwa 60, unapata 0.6056. Kurudi ni kinyume chake: 0.6056 mara 60 ni 36.336, ile 36 ndiyo dakika, 0.336 mara 60 ni 20.16, nazo ndizo sekunde. Msikate tarakimu mapema. Ukibakisha mbili tu baada ya nukta, kila hatua ya mwisho ni sekunde 36 nzima. Mimi hubakisha tano.

Sisi wa Mombasa tuna mtego mwingine, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Fort Jesus iko karibu na 4°03′46″ kusini. Mashine nyingi huandika kusini kwa alama ya kutoa, na mgeni wa kazi huandika −4 kisha akaongeza 0.0628, akapata −3.9372. Alama ile ni ya pembe nzima, pamoja na dakika na sekunde zake. Jibu ni −4.0628. Yule aliyekosea ameichukua ngome akaipeleka kilomita 14 kaskazini, usawa wa Mtwapa.

Kalkuleta nayo ijaribuni kila asubuhi kabla ya kutoka. Bonyeza sine ya 30. Ikitoa 0.5, iko kwenye digrii. Ikitoa −0.988, iko kwenye radiani. Ikitoa 0.454, mtu ameiweka kwenye gradi. Hesabu za Excel zenyewe hutaka radiani siku zote, kwa hiyo zidisha digrii kwa π, ugawe kwa 180, kabla hujaomba sine yoyote.

Wengi huiogopa radiani kwa sababu waliipokea kama kanuni tupu. Nendeni ufukweni maji yakitoka, mkite kijiti mchangani, mfunge kamba na kuchora duara. Kisha ilazeni kamba ileile juu ya mstari wa duara. Pembe iliyofunikwa na urefu mmoja wa kamba ni radiani moja, kama digrii 57.3. Endeleeni kuilaza: inaenea mara sita, na kinabaki kipande kidogo, kwani duara zima ni 6.28. Mimi niliielewa radiani siku niliyoiona mchangani. Faida yake ni kwamba pembe ndogo ya radiani ukiizidisha kwa umbali inakupa moja kwa moja umehama kiasi gani. Radiani moja ina sekunde 206,265, kwa hiyo kosa la sekunde 20 kwenye mita 100 ni kama sentimita moja. Hesabu hiyo ingeniokoa Likoni.

Gradi ilitoka Ufaransa pamoja na mfumo wa mita, mwishoni mwa karne ya 18. Hamtaikuta mara nyingi, lakini mashine za kupimia nyingi zinayo, na aliyeitumia kabla yenu huenda ameiacha hapo. Ukisoma 385 utashtuka mara moja. Hatari iko kwenye 95, kwa sababu inafanana kabisa na digrii, na kumbe ni digrii 85.5. Lenga shabaha, soma, kisha pindua darubini na uizungushe mashine mpaka uilenge tena shabaha ileile. Masomo mawili yakitofautiana kwa takriban 180, uko kwenye digrii. Yakitofautiana kwa 200, simamisha kazi ubadilishe mipangilio.

Na msomaji akikutajia namba tatu kavu kama nilivyotajiwa mimi, usiandike bado. Mwambie arudie kwa ukamilifu, "digrii mia moja ishirini na saba, dakika thelathini na sita, sekunde ishirini," nawe umrudishie vivyo hivyo kwa sauti kabla kalamu haijagusa kitabu.