Siku ya kupima udongo, usibaki nyumbani

Nyumba yangu ya kwanza niliijenga kwa kumtazama jirani. Ukuta wake haukuwa na ufa, nikajiambia udongo si ni uleule. Mvua zilipoanza, ufa ukachomoza kwenye kona ya dirisha la sebuleni, ukapanda mshazari hadi kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Kiangazi ukajifunga nusu. Nikaziba, nikapaka rangi. Mvua zilizofuata ukarudi palepale. Mfinyanzi mweusi ndivyo ulivyo: ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na msingi mfupi unapanda na kushuka nao. Jirani, kumbe, alichimba hadi kwenye mwamba. Sikuwahi kumuuliza.

Jengo la pili nikaita wapima udongo, kisha nikakaa nyumbani kusubiri ripoti. Ikaja nene, ina jalada zuri. Mhandisi wa msingi alifungua ukurasa wa mchoro, akacheka. Shimo lilikuwa moja tu, mbele karibu na barabara, kwa sababu gari la mtambo wa kutoboa lilishindwa kuingia ndani. "Jengo lako liko huku nyuma," akasema. "Hapa mbele unajenga nini, geti?"

Tukarudia, safari hii nimesimama palepale. Nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka kimo cha sentimita 76 juu ya fimbo yenye bomba la sampuli mwishoni, na mapigo yanaandikwa kwa kila sentimita 15 ambazo fimbo inazama. Zile 15 za mwanzo hazitiwi kwenye hesabu, maana udongo wa hapo umeshavurugwa na kutoboa. Yanajumlishwa mapigo ya 30 zinazofuata. Mapigo yakiwa machache, udongo ni laini; baada ya muda hata sikio linajua. Kwenye shimo la nyuma fimbo ilizama kwa mapigo matatu, manne. Walipofungua bomba la sampuli lililotoka mita 2 chini, katikati ya udongo mwekundu mlikuwa na kipande cha mkanda wa kandambili. Udongo wa asili hauvai viatu. Pale palikuwa na shimo la zamani lililofukiwa kwa kifusi.

Kwa hiyo mkabidhi mhandisi ramani ya jengo kwanza, yeye ndiye achague mahali pa mashimo, si dereva wa mtambo. Kina nacho mkubaliane mapema: kitako cha msingi chenye upana wa mita 2 kinasukuma udongo hadi kama mita 4 chini yake, kwa hiyo shimo la mita moja na nusu halikwambii kitu. Angalia sampuli zifungwe na kuandikwa hapohapo; nimeona mifuko ikiachwa wazi juani, halafu maabara inaombwa ipime unyevu! Na maji ya chini yapimwe tena kesho yake, kwa kuwa kwenye mfinyanzi yanapanda polepole. Shimo linaloonekana kavu jioni huweza kuwa na maji asubuhi.

Sisi tulisogeza jengo mita sita. Penye kifusi tunaegesha magari.