Kabla hujamtia mhusika sheng mdomoni

Wadogo zangu mnaoanza kuandika mazungumzo ya filamu, wiki hii nimesoma skripti zenu tatu. Katika zote, kuanzia makanga wa Kondele hapa Kisumu hadi nyanya anayeuza omena, kila mtu anazungumza sheng, lugha ya mitaani ya vijana wa Kenya: "msee" na "rada". Nawapenda, lakini kwa hili mmenichosha.

1. Sheng ya Eastlands, Nairobi, si ya Kisumu. Huku kijana humwita mwenzake "omera", yaani ndugu, na Dholuo, lugha ya Wajaluo, huingia katikati ya sentensi bila hodi. Kaeni stejini asubuhi moja mkiwa na daftari.

2. Angalia anayeambiwa. Hapa ndipo nilipoumia. Katika filamu yangu fupi ya kwanza, kijana wa Nyalenda anapigiwa simu kwamba babake amefariki, kisha anaingia jikoni kumwambia mamake. Niliandika: "Mathe, buda amededi." Niliamini huo ndio uhalisia. Kwenye seti, mwigizaji aliitazama karatasi kwa muda, akaniuliza taratibu, "Kweli mtu anaweza kumwambia mamake hivi?" Nikamwambia asome kilichoandikwa. Siku ya kuonyesha, ukumbi uliangua kicheko papo hapo. Mwigizaji alikuwa ameketi safu ya pili na mamake mzazi. Mama hakucheka. Alivuta leso hadi mdomoni, na kijana akainamisha kichwa mpaka taa zilipowashwa. Kazi ya miezi mitatu, na kifo cha baba kikageuzwa kichekesho na maneno yangu matatu, ilhali niliulizwa mapema nikakataa kusikia. Sheng ni ya rika. Hata "buda", neno la kumtaja baba au mzee, siku hizi vijana huitana wao kwa wao. Mbele ya mama, siku ya msiba, ulimi hurudi nyumbani, kwenye Dholuo: "Mama, baba otho," yaani baba amefariki. Tulirekodi mstari huo upya. Kijana aliusema mara moja tu, na fundi wa sauti akavua vipokea sauti akatoka nje.

3. Kwenye manukuu, mbao ni shilingi 20, finje 50, soo 100. Mmoja wenu amemfanya abiria alipe nauli kwa ubao wa seremala!

4. Sheng huzeeka haraka. Kama hadithi ni ya 1992, muulize aliyekuwa kijana wakati huo.

Skripti nimeziandikia pembeni kwa wino mwekundu. Njooni Jumamosi mzichukue, na kila mmoja aje na mtu wa mtaa anaouandika, atusomee mistari kwa sauti.